Dada Glavu na Mstari Ulioachwa Wazi

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Dada Glavu, alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Agosti 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yetu, seremala. Alikuwa wa pili kati ya watoto watatu. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile.

Alipokuwa na miaka saba alimshika bibi mkono, akaanguka akipiga yowe huku ameshika nyonga. Nyonga mbovu ilikuwa ya bibi. Tangu siku hiyo ikajulikana kwamba akimgusa mtu, maumivu ya mtu huyo humwingia yeye. Mama akamfumia glavu za sufu, na nyumbani kwetu mambo yakaishia hapo.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari hadi kidato cha nne, mwaka 1989. Mwalimu wa kemia alimwamuru avue glavu mbele ya darasa. Akavua, akapokea chaki, vidole vikagusana, akamwambia kwa adabu zote, "Mwalimu, nenda kapimwe figo." Mwalimu alikwenda, na ndiyo maana leo tunaye hapa, safu ya tatu. Darasa halikumcheka tena. Wala hakuna aliyekaa naye dawati moja tena.

Kuanzia 1992 alikuwa dobi wa hospitali. Shuka hubaki na maumivu ya waliozilalia, kwa hiyo alizikunja amevaa glavu mbili mbili, peke yake, kwenye meza ndefu karibu na boila. Huko ndiko alikomkuta mumewe, Mei 2011, amejibanza kwenye bomba la moto, ana jeraha ubavuni lisilotoa damu. Hakuwa mtu wa dunia hii. Tusizungukezunguke, kila mtu hapa anajua. Wenzake walikuwa wamemtupa wakaenda zao. Dada alivua glavu ili ajue anaumia wapi, akajikaza. Hakusikia kitu.

"Kimya, mdogo wangu," alisema jioni ile. "Kimya kabisa. Nimemshika mpaka zamu ikaisha."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 2 Juni 2012, ofisini kwa msajili. Karani alipouliza bwana harusi amezaliwa wapi, alijibu, "Mbali," na karani, kwa vile njaa ilikuwa inamuuma, akaandika hivyo hivyo.

Bwana huyo hakumficha kitu. Mguso wake ulinyonya joto. Chai mkononi mwake ilipoa kabla haijafika mdomoni. Kwa ajili hiyo alilala sakafuni, upande wa pili wa chumba. Dada ndiye aliyemfuata na blanketi. Kufikia 2020 vidole vyake dada vilikuwa vimekufa ganzi, na daktari alibadilisha kipimajoto mara tatu akidhani ni kibovu. Kaka yetu alimfukuza yule bwana mara mbili. Dada akamrudisha mara mbili. Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Kaka anasema huyo ndiye aliyemuua, na alitaka asitajwe kwenye ratiba iliyochapwa. Mdogo mtu akaogopa ugomvi, akakubali, ila akamwomba mchapaji aache mstari mmoja wazi. Mtauona kwenye ratiba mlizoshika.

Lakini kuna jambo jingine ambalo halikuchapwa. Mwaka jana, akiwa kitandani, dada alivua glavu akamnyooshea mdogo wake mkono. "Nishike kidogo tu," alisema. "Hata kama utaniumiza." Mdogo wake akamwekea kikombe cha chai kiganjani. Alijiambia kwamba anamhurumia. Ukweli ni kwamba aliogopa. Miaka arobaini na tano, sisi wa damu yake, hakuna hata mmoja aliyemshika mkono. Basi kaka atuwie radhi: hatuna haki ya kumfuta aliyemshika.

Marehemu ameacha kaka mmoja, mdogo mmoja wa kike, na kwenye ule mstari ulioachwa wazi, tafadhali andikeni: mume. Amesimama kule nje ya lango, peke yake, asije akatutia baridi. Mdogo mtu akimaliza kusoma atakwenda kumpa mkono.

Dada amelazwa bila glavu. Mikono yake ipumzike kwa amani.