Nyumba Tuliyoijengea Mashine

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Manundu! Asifiwe tena, maana mara moja haitoshi! Mimi ni Mama Yohana, mjane wa Petro, mtu wa Handeni. Wengi mnanijua kwa vitumbua vyangu pale stendi, na wengi zaidi mnanijua kwa mdomo wangu. Leo nimesimama kuusemea huo mdomo.

Wapo waliotoa ushuhuda hapa wakarudi kwenye benchi wanacheka kwa furaha. Nawaonea wivu. Mimi nilicheka mapema, ndugu zangu, nikakimaliza kicheko changu chote siku moja kwenye shamba la mkonge.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa kule Handeni, tulikuta pori na miiba. Mnakijua kiangazi cha kwetu. Lakini tulikuwa na moyo! Tulilima shamba la kijiji pamoja, tukachimba lambo pamoja, na wafugaji wa kule tambarare waliokuja kukaa nasi wakaleta ng'ombe wao. Kilio cha sisi wanawake kilikuwa kinu. Alfajiri kutwanga, jioni kutwanga, mikono malengelenge. Na mwenzetu akishikwa na uchungu usiku, mkunga anamzalisha kwa kibatari. Basi kikao cha kijiji kikakubaliana: wafugaji watoe ng'ombe, wakulima watoe mahindi, tununue injini ya kusagia na kuzalisha umeme. Mchana itasaga, jioni itawasha taa za zahanati.

Shamba moja la mkonge huku Korogwe lilikuwa linauza injini yake. Ilikuwa kuukuu, lakini mafundi walikuwa wameifumua yote na kuiunda upya: ringi mpya, beringi mpya, rangi ya kijani inang'aa kama jani la mgomba baada ya mvua. Sifa yake kubwa ilikuwa hii, kwamba inakula vyakula viwili. Inakula dizeli. Dizeli ikiadimika, unawasha mkaa kwenye tanuri lake la chuma, gesi ya mkaa inavutwa kwa bomba mpaka kwenye injini, na dizeli unatia kidogo tu ya kuwashia. Mkaa kwetu si wa kutafuta. Tukaona Mungu ametukumbuka.

Tulikwenda kuitazama watu watatu: mwenyekiti wa kijiji, mume wangu Petro, na mimi kwa niaba ya akina mama. Petro aliwahi kufanya kazi pale shambani, kupaka mitambo grisi, na ndiye aliyechaguliwa kuwa fundi wetu. Aliyekuwa anaiangalia ile injini ni rafiki yake wa zamani, Mnyamwezi mmoja anaitwa Mihambo.

Sasa mnajua, sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na huna ruhusa ya kukasirika. Anaingia kwako bila hodi, anamkamata kuku, anaondoka naye, na wewe unamwambia chukua na yai. Mihambo alikuwa hivyo kwetu. Akitutembelea, tunamsikia kabla hatujamwona, anapiga kelele tangu njiani: "Wazigua wavivu, mmelala mchana!" Nami namjibu. Ndugu zangu, nilikuwa namjibu! Watu walikuwa wanaacha kazi zao kuja kutusikiliza.

Siku ile tunainunua injini, Mihambo alituonyesha kila kitu. Pale shambani ilikuwa imekaa chini ya mabati manne juu ya nguzo, hakuna ukuta hata mmoja. Petro akasema sisi tutaijengea nyumba nzuri ya tofali, na mlango wa kufuli. Mihambo akasema, "Msiijengee nyumba, Wazigua nyie. Mkiilaza ndani, itawalaza nyie." Tukaangua kicheko. Mimi nikamwambia Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo kichwani, nyumba ya mashine mtaijulia wapi! Mwenyekiti alicheka mpaka akashika ubavu.

Hakuacha. Tukinywa chai akarudia: iacheni ilale nje kama ng'ombe. Nikamwambia ana wivu, anataka mashine yetu inyeshewe ioze kama mashuka yake. Tukacheka tena. Lori likiwa limeshawashwa, mashine imefungwa kamba, akaning'inia kwenye ubao wa nyuma, akaniambia, "Dada, dizeli inanuka, utaikimbia. Hii gesi ya mkaa hainuki. Itakulaza, utaamkia kwa babu zako." Nikamjibu, "Nitawapelekea babu zako salamu, niwaambie mjukuu wao bado mbeba mizigo!" Naye akacheka. Alicheka kwa sababu nilimshinda. Gari likaondoka.

Ndugu zangu, mimi nikilala nakumbuka ile sura yake inabaki nyuma kwenye vumbi. Mdomo unacheka, mkono umeinuka, kama mtu anayesimamisha gari.

Tuliijengea nyumba. Tofali za kwanza za kuchoma za kijiji chetu tuliijengea mashine, kabla ya shule, kabla ya kanisa. Dirisha moja dogo, juu, wezi wasiingie. Tanuri tukaliweka humo humo ndani, mvua isilishike kutu. Tulikuwa tunaiheshimu kama bibi harusi.

Na ilitupa raha! Sitaki kusema uongo madhabahuni. Siku ya kwanza taa zilipowaka zahanati, bibi mmoja alipiga vigelegele mpaka akakaukiwa sauti. Unga ukawa laini. Mikono yetu ikapona. Kwa dizeli ilikwenda vizuri, moshi wake unatoka nje kwa bomba, hatukuona tatizo lolote. Nikawa namwambia Petro, yuko wapi yule mtani wako, mbona hatujalala?

Ikaja vita ya Uganda, dizeli ikawa ya kutafuta kwa tochi. Petro akawasha mkaa.

Tangu hapo kichwa kikaanza kuniuma. Mimi ndiye niliyekuwa nasimamia usagaji, nashinda humo ndani na mume wangu. Kichwa, kichefuchefu, magoti kulegea. Nikasema malaria, nikameza klorokwini. Petro naye akasema ni uchovu. Wazee wengine wakasema mashine imekaa muda mrefu bila kuchinjiwa mbuzi. Tulitafuta kila sababu, ndugu zangu, isipokuwa ile tuliyoambiwa. Ile tulishaicheka, na jambo ukishalicheka hulioni tena.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka mvua ilikuwa kubwa. Akina mama walikuwa na debe zao za mahindi kwenye baraza ya duka la ushirika, wanangoja. Upepo ulikuwa unapeperushia maji kwenye mkanda wa mashine, unateleza, basi Petro akafunga mlango. Moto wa tanuri ukawa unasinzia. Akaanza kuzungusha feni ya mkono kuuamsha. Mimi nikakaa juu ya magunia nimsubiri. Nilisikia usingizi mtamu. Nasema mtamu kwa sababu ndivyo ulivyokuwa, na mpaka leo usingizi mtamu naogopa. Nikamwona Petro anakaa chini polepole, anaegemea tanuri bila kushtuka kwamba linaunguza. Nikataka kumwita. Huu mdomo, mnaoujua nyote, ulikataa!

Wale akina mama walikuja mlangoni. Walipiga hodi. "Hodi! Mama Yohana, hodi!" Nilisikia kama mtu anaita ng'ambo ya bonde. Wakapiga tena, na tena. Sasa sisi tumefundishwa: ukipiga hodi mara tatu usipoitikiwa, ondoka. Halafu humo ndani ni mtu na mkewe, mlango umefungwa, mvua inanyesha. Wakatazamana, wakacheka, wakarudi barazani. Siwalaumu. Ingekuwa mimi ningecheka kuliko wao.

Tulikuwa tumekwisha, ndugu zangu. Tumeuawa na adabu na kicheko.

Ndipo Mihambo akashuka kwenye basi la Korogwe. Alikuja kuchukua kuku wake wa Pasaka. Wale wanawake wakamwambia usiende, wenyewe wamejifungia. Mwingine yeyote angengoja. Lakini mtani hana hodi! Bwana asifiwe, mtani hana hodi! Alipiga teke mlango, na neno la kwanza nililolisikia niliporudi duniani ni tusi: "Wazigua wavivu, mmelala mchana!" Kisha sauti yake ikabadilika. Akanishika mguu, akaniburuta kama gunia mpaka nje kwenye tope. Mvua ikanipiga usoni nikavuta pumzi. Akaziba pua kwa kanga yangu, akarudi ndani kumfuata Petro. Akamtoa. Wakampepea, wakamkandamiza kifua, mganga wa zahanati akaja mbio. Petro hakuamka.

Siku ya mazishi Wanyamwezi walikuja kufanya kazi ya watani. Desturi ni kutania, msiba usiwaue wafiwa. Walichimba kaburi wakidai walipwe, wakamwiga marehemu anavyotembea, watu wakacheka na machozi yao. Zamu ya Mihambo ilipofika alisimama ukingoni. Akasema, "Petro, nilikwambia usiijengee nyumba. Haya, leo umejengewa wewe." Hakuna aliyecheka. Mimi niliinuka, nikamwendea, nikampigia kelele mbele ya umati: kwa nini hukusema kama mtu mzima? Kwa nini ulisema kwa mzaha, mume wangu akafa?

Hakukasirika. Alinitazama, akasema taratibu, "Mama Yohana, nilisema, nikarudia. Kwenu nina sauti hiyo moja tu. Nyingine hamjanipa."

Kisha akaondoka. Na hapa ndipo penye majuto yangu makubwa, kuliko hata kicheko cha kwenye lori. Mwezi uliofuata alikuja kunijulia hali. Nilikuwa jikoni. Nikasikia mlangoni, kwa sauti ya chini, "Hodi." Sikumtambua. Nikatoka, nikamwona Mihambo amesimama nje ya kizingiti, kofia mkononi. Ananiita mama, ananiuliza watoto hawajambo. Mtani wangu anapiga hodi! Nilijua maana yake. Alikuwa ameniondolea utani, kama mtu anavyohamisha vitu vyake polepole. Ningemtukana palepale angepona, nami ningepona. Neno moja tu. Nikasema, "Karibu." Akanywa maji, akaaga, akaenda.

Nikahamia huku Korogwe kwa binti yangu. Kuomba nikawa siwezi. Kila nikipiga magoti nalalamika: Bwana, wewe unaona yote, ulishindwa nini kunionya? Nikapanda milimani mpaka Lutindi, kwenye kanisa la zamani la wazee wetu, nikakaa siku nzima na swali hilo moja. Jioni nateremka na ukungu, peke yangu njiani, nikasikia kicheko. Ni changu. Nikasikia kila nilichojibu siku ile, neno kwa neno. Nikakaa chini juu ya jiwe. Bwana alinionya! Alinionya kwenye injini, akanionya kwenye chai, akaning'inia kwenye lori kuniomba! Alitumia mdomo ambao mimi nilikuwa nauchekelea, basi. Na aliponikuta nimekufa nusu, alituma mtu yule yule, maana katika nchi nzima ni yeye tu ambaye asingengoja kuitikiwa. Nililia mpaka giza likaingia, na machozi yale yakanifungua. Siku ile nikaokoka kweli, kabla ya hapo nilikuwa nakuja kanisani tu.

Asubuhi nikamkamata jogoo, nikaenda kule shamba la mkonge. Sikusalimia mtu. Nikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha Mihambo kambini, nikausukuma mlango bila hodi, nikapaza sauti: "Mbeba mizigo mvivu, umelala mchana!"

Kijana nisiyemjua akaruka kitandani, shuka mkononi. Nikafa kwa aibu. Nikaanza kuomba radhi. Yeye akanitazama mimi, akamtazama jogoo, akatabasamu.

Akasema, "Wewe ndiye Mzigua wake. Mzee Mihambo amerudi kwao Tabora tangu mavuno. Aliniambia mlango huu nisiutie komeo. Alisema kuna mama atakuja siku moja, na hatapiga hodi."

Ndugu zangu, sina zaidi. Aliniachia mlango wazi, nami nilichelewa. Namshukuru Mungu aliyenitoa kwa mguu kwenye tope, na ninajuta, na vyote viwili ninavyo moyoni asubuhi hii. Wewe unayengoja Mungu aseme nawe kwa radi, mwamini leo, na umsikilize hata yule unayemcheka. Na kama una mtu anayekupigia hodi wakati zamani alikuwa anaingia tu, usimwambie karibu. Mtukane, umvute ndani, mlie.

Yule jogoo bado ninaye, amezeeka, anawika saa yoyote. Mwenye safari ya Tabora aniambie baada ya ibada. Akamwambie Mihambo kwamba Mzigua anasema kuku wake anakula mahindi ya bure, na mlango wa Mama Yohana hauna komeo.