Niliondoka kwa Bei ya Kwanza

Assalamu alaykum ndugu zangu, na wenye salamu nyingine, hamjambo. Jumamosi nne nimeketi kile kiti cha nyuma nikisikiliza wenzangu wakisimama kusimulia yaliyowapata, na kila mwenyekiti akinitazama mimi naangalia viatu vyangu. Leo viatu nimevichoka. Kiswahili changu mtakivumilia. Hapa tuko mchanganyiko, kuna wa Tana River, kuna wa Ukambani, mwalimu wetu kutoka Kisii yuko pale, na nikisema Kisomali nitawaacha nje. Sharti la kikao nalijua pia, kwamba hatutaji jina la mtu. Mtaona lilivyo gumu kwangu.

Baba yangu ni dalali wa ngamia na ng'ombe, soko la mifugo hapa hapa Garissa. Wenyeji mnajua bei inavyosemwa pale, lakini mwalimu hajui, wacha nimweleze. Hatupigi kelele za bei. Watu wawili wanashikana mikono, dalali anatupa shali juu ya mikono hiyo, na maneno yote yanasemwa kwa vidole. Unabana kidole, mwenzako anakataa, anabana chake. Walio pembeni wanaona shali ikitikisika tu. Na bei ya kwanza, mwalimu, ni ya kukasirishana tu. Mtu anautupa mkono wa mwenzake, anageuka, anaapa wallahi harudi, kisha anarudi, na adhuhuri unawakuta wanakunywa chai pamoja.

Mimi nimelelewa chini ya shali ile. Nikiwa mdogo, biashara ikilala, Aabo, ndivyo tunavyomwita baba, alikuwa anauchukua mkono wangu, anaufunika, anabana kidole kimoja kimoja, na kila kidole ni babu mmoja. Gumba ni yeye mwenyewe, cha pili ni baba yake, cha tatu ni babu yake, tunamaliza mkono huu tunaingia ule, tunarudi tena, mpaka babu wa kumi na saba. Kwetu jina la pili la mtu ni la baba yake, la tatu ni la babu yake, na hesabu inapanda hivyo hivyo. Msomali akikutana nawe popote haulizi kazi yako. Anakuuliza wewe ni wa nani.

Nikakua, nikaenda Eastleigh kubeba marobota ya nguo. Jirani na stoo yetu palikuwa na jimu ambapo watu walipigana mchanganyiko wa ngumi, mateke na mieleka, wawili ndani ya kizimba cha wavu. Nilikuwa mzuri. Sijisifu, maana sasa hivi gunia la sukari linanishinda kwa bega hili, lakini wakati ule nilikuwa mzuri kabisa. Ndipo likaja shindano la televisheni, Kenya na Tanzania, wapiganaji wanane kila upande. Mnakaa nyumba moja wiki sita, mnarekodiwa mkila, mkigombana, na kila wiki mmoja wa huku anapigana na mmoja wa kule. Nikachaguliwa timu ya Kenya. Mimi, wa Garissa! Nikapanda basi nikaja kumwomba baba yangu dua.

Nilimkuta sokoni, amemshika ng'ombe mmoja mwekundu kwa kamba. Nikamwonyesha video kwenye simu ajue mchezo wenyewe ulivyo. Akaitazama, akanitazama.

"Unakwenda kuonyesha mapaja yako nchi mbili?"

"Aabo, ni kaptura ya mchezo. Ni timu ya Kenya."

"Kenya imekosa suruali?"

Cheka, mwalimu, hata sokoni walicheka. Mimi tu sikucheka. Nilimjibu vibaya, mbele za watu, kwamba heri mapaja kuliko kunuka mavi ya ngamia maisha yangu yote. Aabo alikuwa ameushika mkono wangu, akautupa. Akasema, "Nenda. Lakini jina langu liache hapa. Usilibebe huko." Akageukia ng'ombe wake. Nikasimama kama dakika moja, nikaondoka na basi la saa saba. Hata kwa mama sikupita.

Siku ya kwanza kwenye ile nyumba walichukua simu zetu, wakatupa fomu. Jina kamili. Mtu wa karibu. Ndugu zangu, jina langu mwenyewe ni moja tu, la pili ni lake, na nikiliacha lake na la babu siwezi kulibeba, maana ningelifikiaje bila kupitia kwake? Nikaandika jina moja. Penye mtu wa karibu nikachora mstari. Kisha wakaniketisha mbele ya kamera, na dada mmoja mpole akaniuliza nyumbani nimeacha nani.

Nikasema, "Hakuna. Sina watu."

Hasira ndiyo iliyosema. Lakini kamera haijui hasira, inachukua ulichosema. Yule dada machozi yalimlengalenga, na toka siku ile hiyo ndiyo ikawa hadithi yangu. Mpiganaji asiye na watu.

Upweke wa kukaa peke yako chumbani naujua. Nawaambia, upweke wa kuwa watu kumi na sita nyumba moja ni mbaya zaidi. Wenzangu wa Kenya walikuwa watu wazuri sana. Jioni wanasimuliana mambo ya kwao, fulani mkewe karibu kujifungua, fulani mama yake amenunua ng'ombe wa maziwa, na mimi nikiingia wananyamaza. Wananihurumia! Mmoja ananisogezea kiti, mwingine ananiongezea nyama. Nami nakula nyama ya uongo, nashindwa kumeza. Nilizoea kwenda kuswali kwenye korido ya kuwekea mikeka ya mazoezi, maana pale kamera haikufika. Siku moja mtu akaja akasimama ubavuni kwangu, tukaswali wote. Alikuwa wa timu ya Tanzania, kijana wa Tanga. Tangu siku hiyo tukawa tunaswali pamoja, adui yangu na mimi. Alikuwa ananitania, "We Mkenya, hicho Kiswahili umekinunua wapi, kimepasuka njiani?" Ni yeye tu aliyenitania. Wengine wote walikuwa wananionea huruma.

Wiki ya nne walituita sebuleni. Kila mmoja ametumiwa ujumbe wa video kutoka kwao. Mama zao, watoto wao, wake zao wakaonekana mmoja mmoja kwenye televisheni kubwa, na wanaume wa kuvunja mbao wakalia kama watoto. Nilijua wangu haupo, nani angeutuma? Nilikaa pale kwa sababu hatukuruhusiwa kutoka. Ikafika zamu ya yule wa Tanga, mama yake akatokea, mwanamke mnene wa kanga, anacheka. Vipindi vya kwanza vilikuwa vimeshaanza kuonyeshwa, kwa hiyo alikuwa ameniona. Akasema na mwanawe yote aliyokuwa nayo, halafu akasema, "Na yule kijana wa Kenya, Mwislamu mwenzetu, yule yatima. Mwambie ana mama Tanga. Na mkipangiwa kupigana, usimuumize mtoto wa watu."

Sebule nzima ikapiga makofi. Kamera zote zikanigeukia usoni.

Jamani. Mama yangu yuko hai. Yuko hapa mjini, saa hizo pengine anapika anjera, mikate yetu laini, na siku chache mbele atakaa mbele ya televisheni ya jirani asikie mwanamke wa Tanga akimwita mwanawe yatima. Ningesimama pale pale niseme nimedanganya, mama ninaye na baba ninaye. Nilikuwa na nguvu ya kumbeba mtu mzima na kumtupa chini, na sikuwa na nguvu ya kusema maneno hayo. Nikasema asante.

Wiki iliyofuata nikapangiwa na huyo huyo wa Tanga. Raundi ya kwanza nilimshinda, waulizeni walioona. Raundi ya pili aliniangusha, bega likatoka kwa sauti niliyoisikia mwenyewe, akanikaba shingo. Kocha wangu alikuwa anapiga kelele nizungushe kiuno, na njia niliiona. Nikajiuliza, nikishinda nitampelekea nani habari? Nikagonga mkeka, nikakubali kushindwa. Yule kijana akanikumbatia, akaninong'oneza, "Pole ndugu yangu. Leo Mama atanifukuza nyumbani."

Nikarudi Eastleigh. Marobota siwezi tena, bega limefungwa. Laini ya simu niliyokuwa nayo nilishaitupa ndani ya basi siku ile niliyotoka Garissa, kwa hiyo hata aliyetaka kunipigia asingenipata. Nilikuwa napika mchele kikombe kimoja, nakula nimesimama. Watu wasiotoka kwetu walinisalimu barabarani kwa huruma, lakini Wasomali walinitazama kwa jicho jingine. Mtu hana watu? Amefanya nini mpaka watu wake wote wamwache? Idi ilinikuta huko. Imamu alipomaliza, msikiti mzima watu wakageukiana wakakumbatiana, na mimi nikachukua viatu vyangu nikatoka navyo mkononi mpaka barabara ya pili. Niliona afadhali ningekufa kwenye kile kizimba.

Nilikuwa nanunua maziwa ya ngamia kwa mama mmoja mwenye kibanda. Siku moja akaacha kumimina. "Hiyo pua naijua," akasema. "Nimeiona soko la Garissa, kwa dalali mmoja mkali." Nikamwambia amekosea, mimi sina mtu Garissa. Hakubishana. Akaniongezea kikombe kimoja bure, akafunika dumu lake.

Siku ya nne yake, nilipokwenda kuchukua maziwa, nilimkuta Aabo ameketi juu ya kreti katikati ya madumu. Kumbe yule mama alikuwa ametuma habari Garissa.

Hakunisalimu. Alinyoosha mkono tu. Nikampa wangu, ule mzima, akaishusha shali begani akaitupa juu. Akabana gumba langu. Nikatazama madumu. Akabana tena. Akabana mara ya tatu mpaka nikasikia uchungu, nikataja jina lake. Kwa sauti, pale kibandani, wapita njia wakageuka. Akahamia kidole cha pili. Tukaenda hivyo babu kwa babu mpaka wa kumi na mbili, nikakwama, nimemsahau! Yule mama wa maziwa akanitajia. Kumbe babu huyo ni wake pia, ndipo damu yetu inapokutana. Nikamaliza wote kumi na saba huku nalia.

Aabo hakuutoa mkono wake. Akasema, "Wewe mtoto wa dalali. Umelelewa chini ya shali hii. Nilikutajia bei ya kwanza. Kwa nini uliondoka?"

"Uliniambia niache jina."

"Bei ya kwanza!" Alipiga kelele kweli kweli. "Niligeuka nikisubiri urudi. Nilisimama na yule ng'ombe mpaka nikasikia honi ya basi."

Halafu akainamisha kichwa. Akaniambia kwamba jioni kipindi kilipoonyeshwa alikuwa hotelini na wazee wenzake, nami nikasema kwenye televisheni kwamba sina watu. Wazee wakamuuliza, huyu si wako? "Nikanywa chai yangu," akasema. "Sikujibu. Wewe umenikana mara moja, na mimi nimekukana kikombe kizima." Nilikuwa sijawahi kumwona baba yangu akilia, na siku hiyo alilia mbele ya watu waliokuja kununua maziwa.

Habari ya kaptura hatujakubaliana hadi leo, msidhani. Sasa niko sokoni asubuhi, na alasiri nafundisha mieleka kwenye ukumbi wa shule, kwa suruali ndefu, ndipo tulipofikia mimi na yeye baada ya kubanana vidole wiki nzima. Mama alinipiga kofi mlangoni, kisha akaniwekea anjera nane, akanikalia mbele mpaka nikazimaliza.

Shukrani zangu ni kwa mama wa maziwa aliyekataa kuniamini. Ni kwa yule wa Tanga aliyenitania wengine waliponihurumia. Mama yake nilimpigia simu nikamwambia ukweli, kwamba mama ninaye, nilimdanganya. Nilitegemea anitukane. Akasema, "Alhamdulillahi, basi unao wawili. Huyo mwingine nipe niongee naye." Sasa wanaongea bila mimi.

La kuwaambia ni hili tu. Mtu wako akikutajia neno kali, usiondoke nalo. Kasirika, geuka, lakini usipande basi. Na wewe uliyelitamka, usisubiri honi ndipo ugeuke.

Nilisema sharti la kikao ni gumu kwangu. Nilikaa miezi yote ile bila kulitaja jina moja, na leo ningependa kulipiga kelele mpaka lifike kule daraja la Tana, nanyi mmenikataza. Sawa, sitalitaja. Lakini yule mzee aliyeketi karibu na mlango, mwenye shali ya kijani, ndiye aliyekunywa chai akanyamaza. Mkitoka, mpiteni hapo. Mwulizeni kama kijana huyu ni wake.