Kifuniko Namba Mbili

"Umeliona kosa kwa macho yako, ukanyamaza?"

"Sikunyamaza. Nilimwambia."

"Ulimwambia kwa utani!"

"Si nimemwambia? Akicheka, shauri yake. Nipe mboga, mama Julieth."

Mama Julieth hakumpa. Alilivuta bakuli la uyoga upande wake wa mkeka, akalifunika.

Wasikilizaji wapendwa, ugomvi huo ulitokea hapa Tabora, mchana mmoja wa mwaka 2014. Mume ni fundi Kashindye Lugembe, tuliyemzika Jumanne. Mke ni Bi Adelina, mama Julieth. Kashindye alizaliwa Nzega, akatengeneza injini hapa mjini kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa fundi mzuri. Alikuwa pia na wivu. Tunalisema hilo kwa ruhusa ya mjane. "Msimpambe," ametuambia. "Mkimpamba, hatutamjua."

Wivu wake ulikuwa na jina: Idrisa. Idrisa, Mzaramo, alifungua gereji ng'ambo ya barabara. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Taratibu malori yakaanza kukata kona kuingia kwake. Mama wa chai akawa anammiminia Idrisa kwanza. Kashindye akahamisha meza yake ya kazi ili asione. Siku ya nne akairudisha. Kutoona kulimtesa zaidi.

Mbele za watu walitaniana, maana Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipobeba mizigo mpaka pwani kwa Wazaramo. Watu walicheka. Kashindye hakuwa anacheka moyoni.

Asubuhi ya siku ile Idrisa alikuwa chini ya lori la Ngollo. Ngollo huyo alikuwa mteja wa Kashindye kwa miaka kumi na mmoja, kisha akahama bila hata kuaga. Kashindye alivuka barabara kama anakwenda kutania, akainama kuchungulia injini, akaona. Kila mkono wa pistoni una kifuniko chake, na namba zao ni lazima zilingane. Kifuniko namba mbili kilikuwa kimefungwa kwenye mkono namba tatu. Na namba tatu kwenye mbili. Injini ya hivyo inawaka vizuri tu. Halafu inajifunga njiani, mkono unakatika, unatoboa ubavu wa injini.

Kashindye mwenyewe, katika kazi zake, alikuwa akipanga vifuniko kimoja kimoja juu ya kitambaa, akizungusha injini kwa mkono kila alipofunga kimoja. Akikuta pazito, alifungua upya. Idrisa alikuta pazito, akasema ni upya wa vipuri.

"Mzaramo," Kashindye akasema, "kwenu mnacheza ngoma tu, hata mbili na tatu hamzijui."

"Nenda kabebe pembe za ndovu, mpagazi we!"

Watu wakaangua kicheko. Kashindye akaenda zake nyumbani kula. Alijua kabisa kwamba hakusikika. Alitaka asisikike.

"Ngollo anaondoka saa kumi kwenda Urambo," Bi Adelina akamwambia. "Anabeba mkewe na watoto wawili."

"Si alimchagua mwenyewe fundi wake?"

"Watoto nao walichagua?"

Kashindye akauangalia ugali mkavu mbele yake. Akanyanyuka, akachukua baiskeli.

Alipofika gereji, Ngollo alikuwa ameshika funguo, watoto wamo ndani ya lori.

"Huyoo, mpagazi karudi!" Idrisa akapaza sauti. "Umesahau mzigo?"

"Idrisa. Sitanii. Kifuniko namba mbili kiko kwenye namba tatu."

Hakuwahi kumwita kwa jina. Kicheko kikakatika. Idrisa akamtazama, akawaambia watoto washuke, akamwaga oili, akafungua. Namba mbili ilikuwa kwenye tatu.

"Nimekosea mimi," Idrisa akatangaza. "Ngollo, utaondoka kesho."

Na watu wakamsifu. Wakamsifu Idrisa! Fundi muungwana, anayekubali kosa. Wiki ile akapata wateja wengine watatu.

"Baba alirudi amenuna," anakumbuka Julieth, binti yake. "Akasema: yule hata akikosea anasifiwa. Mama akampa uyoga."

Wivu haukumwisha, wasikilizaji wapendwa. Alikwenda nao mpaka kaburini. Lakini Ngollo alikuwapo mazikoni, na mkewe, na wale watoto wawili, sasa wakubwa. Idrisa aliposimama kuzungumza, kama mtani alitarajiwa kumkejeli marehemu. Alishindwa.

Pole Bi Adelina. Pole Julieth na ukoo wote wa Lugembe. Pole fundi Idrisa.

Nawe unayetusikiliza, labda kuna mtu usiyempenda, na umeona kitu kwake kitakachomuumiza. Umemwambia kwa mzaha, au umekaa kimya. Usisubiri tumalize kipindi. Zima redio, umfuate.