Picha Isiyo na Watu

Katika basi la kwenda Kipushi, mji wa migodi, Victorine alipakata picha ambayo mumewe alimchorea katibu wa chama tawala: kilima cha masazo ya mgodi wa shaba, njia tupu, dohani isiyo na moshi. Mzee Aruna, muuza vitambaa aliyeketi kando yake na aliyekwisha kuambiwa inakopelekwa, aliikagua bila kuombwa.

"Mama, bantu beko wapi?"

"Beko ku kazi, baba."

"Na moshi?"

"Ni siku ya Mungu."

"Sasa, beko ku kazi ao beko ku misa?"

Victorine aliigeuza picha uso chini. "Bwana yangu anapenda kimya tu."

"Hata miye ninapenda kimya. Lakini katibu ataona bwana yako anasema kazi imekufa, na atamufunga."

Basi lilisimama. Katibu alikuwa akingoja mlangoni, mikono ameinyoosha kuipokea picha, na Victorine akaibana kifuani.