Pampu Inayokumbatia Basi

Benchi letu hapa Kayole liko kati ya saluni ya Mukami na meza ya kahawa ya Teresiah, na Jumatano hiyo kahawa ilichelewa kwa sababu birika lilikuwa limeitwa kazini. Munyoki, tunayemwita Gesi, alikimbia nalo hadi yadi anakojaza haidrojeni kwenye mabasi ya majaribio. Alirudi saa nne, mabega yameanguka. Mdomo wa pampu ulikuwa umeganda tena ukang'ang'ania basi, na meneja amesema likishikwa lingine, pampu inafungwa na Gesi anaenda nyumbani. Ana miezi miwili tu kazini. Roho iliniuma.

— Si nilikushow umwage maji moto? akauliza Njogu Prado, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli.

— Nilimwaga, Gesi akasema. Basi la kwanza likaachiliwa. La pili likashikwa mbaya zaidi.

— Basi hao ni watu wa dizeli wanakuharibia kazi. Wanakujanga na barafu kwa mfuko.

— Wapi! akaruka Oketch Waya, fundi wa stima. Hiyo gesi inapita hapo ikiwa baridi kushinda friji ya bucha. Na hii Julai yetu? Pampu inasikia baridi, buda. Inakumbatia basi ipate joto.

— Hata mimi ningekumbatia, Teresiah akasema, akimimina kahawa.

— Basi tuishonee sweta, Prado akaamua.

Gesi hakucheka.

— Wazee, saa sita kuna basi lingine.

Hapo ndipo Mukami alipotoka saluni, taulo begani, kutafuta maji moto ya mteja. Ukuta wake ni mabati, alikuwa amesikia yote.

— Gesi, ukishamwaga hayo maji, unakaushanga?

Prado akamtazama Waya. Waya akatazama kikombe.

— Kukausha nini? Gesi akauliza.

— Huo mdomo wa pampu. Mimi nikiosha mtu kichwa, simwachilii kwa hii baridi akiwa na maji.

Gesi aliweka kikombe chini polepole.

— Manze. Maji yakibaki hapo, gesi inayageuza barafu. Kumbe ni mimi nimekuwa nikiigandisha.

Akanyakua taulo na kutoka mbio.

— Na mteja wangu nimkaushe na nini? Mukami akapaza sauti.

Prado alivua sweta yake akampa.

Saa saba basi lilipita mbele yetu, Gesi mlangoni akipunga taulo. Prado alikuwa anatetemeka, lakini mbinja yake ndiyo ilisikika zaidi.