Shangazi Anauacha Mlango Wazi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya utumishi wa miaka ishirini na saba, Shangazi anastaafu kazi ya kusimamia ukumbi wa mgahawa wetu wa Kichina. Miaka hiyo yote ameifanya akiwa wima. Daktari wake wa magoti angeweza kuandika wasifu huu vizuri kuliko sisi, lakini hakualikwa.

Karatasi hii imewekwa chini ya sahani yako uisome kabla chakula hakijafika. Kikifika, iache. Shangazi hapendi mtu asome huku tambi zinapoa, na hata leo, siku ya kuagwa kwake, usishangae akija kukunyang'anya.

Kwa mgeni asiyejua, Shangazi si shangazi wa mtu yeyote hapa ndani. Wahudumu wa mwanzo walimwita hivyo kwa sababu ya jicho lake kali. Mwenye mgahawa, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka kwao na mkewe na mdogo wake, alisikia neno hilo, akadhani ni cheo, akalichapisha kwenye beji. Beji ikabaki. Mdogo wa mwenye mgahawa ndiye mpishi mkuu. Binti wa mwenye mgahawa humwita Baba Mdogo, nasi tukafuata. Mwenye mgahawa mwenyewe tunamwita Mzee. Ukitusikia tunavyoitana mchana, utadhani ni kikao cha ukoo ambacho hakuna anayeruhusiwa kuondoka kabla ya mwisho.

Alianza kwa kufuta meza katika mgahawa wa kwanza, ule wa nyuma ya maduka ya vipuri. Wanaoukumbuka wanaukumbuka kwa viwiko. Meza za mviringo zilikaribiana mno, ukitaka kupita unamwomba radhi mtu usiyemjua na mkewe. Taa zilikuwa nyeupe za mrija, zisizomstahi mtu. Katikati ya kila meza kulikuwa na sinia la kuzunguka, na familia nzuri kabisa zilikosana juu ya nani alizungushe kwanza. Jikoni palitenganishwa na ukumbi kwa pazia la shanga ambalo nusu yake ilikuwa imeshakatika. Moto wa gesi ulinguruma, upawa uligonga karai, na Baba Mdogo aligomba. Aligomba na moto, na mchele, na bata ambaye alikuwa ameshakufa. Aligomba kwa lugha yake, na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza maana.

Shangazi aliuendesha ukumbi ule kwa kanuni moja: mgeni wa kwanza wa siku anakaa dirishani, apende asipende. Alisema mtu anayepita nje haangalii bei wala picha za chakula, anaangalia kama kuna mwenzake ndani anayetafuna. Bwana mmoja aliwahi kufika mapema na bibi ambaye hakuwa mkewe, akanong'ona kuomba meza ya pembeni. Alipewa dirisha. Hakurudi tena maishani, lakini siku hiyo tulijaa.

Kisha tukahamia hapa tulipo. Mzee alikuwa ameota jengo hili kwa muda mrefu na hakutaka kulifanya nusunusu. Alileta fundi wa mapambo. Tukawekewa zulia la kumeza nyayo, taa za karatasi nyekundu zenye mwanga wa kubahatisha, na chemchemi ndogo mlangoni ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuwakumbusha wageni kwenda chooni. Na jikoni pakawekwa mlango. Ulikuwa mlango mzito wa mbao ngumu, wenye springi, unaojifunga wenyewe kwa adabu. Ukishajifunga, husikii kitu. Fundi wa mapambo alisimama katikati ya ukumbi, akatulia, akasema, "Mnasikia?" Hatukusikia chochote, naye akafurahi sana.

Wageni wetu wa zamani walikuja kuona. Wakakaa, wakala, wakasema jengo ni zuri. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kusema chakula kimebadilika. Tambi hazina ladha ile. Bata amekuwa mpole. Samaki wa mvuke ni mzuri, lakini. Wote waliishia kwenye "lakini" na kutazama zulia. Wageni wa kwao Mzee walikuwa wabaya zaidi: walifika mlangoni, wakasimama kidogo vichwa vimeinama upande, kisha wakaondoka bila hata kuuliza kuna nini leo.

Ikumbukwe kwamba jikoni hapakuwa pamebadilika kitu. Mpishi ni yuleyule, karai ni lilelile lililobebwa mapajani kwenye gari siku ya kuhama kama mgonjwa, viungo ni vilevile. Ila ukumbi ulikuwa unakonda, na Mzee akaanza kuuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa kama kile chumba cha nyuma ya vipuri kimeshapata mpangaji.

Hapa heshima haituruhusu kusema uongo, hata katika kuagana. Shangazi alikosea. Kwanza aliamini kosa ni la taa, akabadilisha balbu zote mpaka fundi wa mapambo akapiga simu kulalamika. Kisha akaamini ni harufu ya zulia jipya, akafukiza udi, mpaka mgeni mmoja akauliza kwa upole nani amefariki. Akazima chemchemi, akaiwasha, akaizima tena. Alipomaliza ukumbi mzima ndipo akahamia jikoni, na mbele yetu sote, sahani tatu zilizorudishwa zikiwa mkononi, akamwambia mpishi mkuu:

"Baba Mdogo, siku hizi unapika kama mtu anayeaga."

Baba Mdogo aliweka upawa chini. Hakujibu, na kwa mtu ambaye alikuwa akijibizana na mchele, hilo lilitutisha sote. Kuanzia hapo hawakusemezana. Mpishi mkuu na msimamizi wa ukumbi wasiposemezana, mgahawa mzima unafanya kazi kama mguu uliokufa ganzi. Mwosha vyombo ndiye aliyegeuzwa mkalimani, povu likiwa mpaka kwenye viwiko, akisimama kati ya watu wawili waliosikiana vizuri kabisa.

"Mwambie bata yuko tayari."

"Mwambie nimemwona."

"Anasema amemwona."

"Mwambie amchukue basi, au anataka aende mwenyewe?"

Mwosha vyombo anasema katika kazi zote alizowahi kufanya, na amewahi kubeba saruji, hajawahi kuchoka vile.

Mambo yakawa mazito siku tulipoliona furushi kwenye rafu ya mlango wa nyuma. Baba Mdogo alikuwa amevifunga visu vyake vya jikoni kwenye taulo, akavifunga kamba, akaviweka kando ya koti lake la mvua. Kila asubuhi alifungua, akapikia. Akimaliza, akafunga tena. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Alikuwa anasubiri tu mtu aseme neno moja zaidi. Na sote tulijua kwamba akiondoka yeye, hatuna mgahawa, tuna zulia.

Uliovunja ukimya ule ni mlango wenyewe. Jumapili moja mchana, mhudumu aliyebeba bakuli za supu mikono miwili aliusukuma kwa kiuno kama kawaida yake, na bawaba ya juu ikang'oka. Mlango ukalala upande kama mlevi. Fundi seremala hapatikani Jumapili, kwa hiyo tuliung'oa wote, tukauegemeza kwenye ukuta wa ujia, na kazi ikaendelea.

Meza kubwa ya katikati siku hiyo ilikuwa ya familia iliyotufuata tangu kule nyuma ya vipuri, na mkuu wao ni bibi mmoja mwenye miwani ya kufungwa kamba. Bibi huyo alikuwa ameshakuja hapa mara mbili na mara zote mbili alirudisha tambi. Shangazi mwenyewe alikuwa anammiminia chai. Ndipo jikoni moto ukanguruma, upawa ukagonga karai, na Baba Mdogo, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba mlango haupo, akamkaripia mtu aliyeziacha tambi zishikane.

Bibi akainua kichwa.

"Kumbe bado yupo, yule mgomvi?"

"Yupo, Bibi," akasema Shangazi. "Hajawahi kuondoka."

"Mbona mlimficha? Mimi nikajua mmemfukuza, mmeweka kijana." Akavuta sahani karibu. "Leteni vijiti. Leo atakuwa amepika."

Akala, akaagiza tena, akawalazimisha wajukuu. Zilikuwa tambi zilezile za karai lilelile zilizorudishwa wiki iliyotangulia. Shangazi aliendelea kummiminia chai mpaka kikombe kikajaa, kisosi kikajaa, na kitambaa cha meza kikaanza kunywa. Hatujawahi kumwona akimwaga kitu kabla wala baada ya hapo.

Aliweka birika, akaingia jikoni, akampita mwosha vyombo bila kumtumia.

"Baba Mdogo."

Hakugeuka.

"Gomba tena."

"Nini?"

"Gomba. Wanakusikia. Walidhani umeondoka, ndiyo maana chakula hakiwapiti kooni." Akashusha sauti. "Na mimi nilidhani hivyohivyo."

Baba Mdogo alitazama uwazi pale mlango ulipokuwa, na nje yake ukumbi mzima uliokuwa ukimtazama. Kisha akamgeukia mkata vitunguu, ambaye hakuwa na kosa lolote, akamfokea mpaka meza za mbele zikacheka. Mkata vitunguu hajaombwa radhi mpaka leo. Keshoye furushi halikuwepo tena kwenye rafu, visu vimerudi kazini. Ilibaki taulo, na mtu akaifutia mikono.

Mzee alikuwa amesimama kando ya kaunta, mikono nyuma. "Kwetu ndivyo," alisema polepole, kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi. "Mgahawa mzuri, kelele. Nilidhani hapa ni aibu." Miaka yote ile nyuma ya vipuri alikuwa akiona haya kwa sauti ya ndugu yake, akiihesabu kuwa ni sauti ya ufukara, na alipopata uwezo jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuifungia mlango.

Hata hivyo, Mzee ni mtu wa utaratibu, na kitu kilichovunjika kwake hutengenezwa. Jumatatu fundi seremala alifika na mkoba wake. Shangazi alimkuta mlangoni. "Fundi, leo tumezidiwa. Njoo kesho." Ilikuwa asubuhi, hakuna mteja hata mmoja, kwa hiyo kabla hajaondoka alimkalisha dirishani na chai ili wapita njia waone mtu ndani. Kesho akarudi, akaambiwa kesho. Huu ni mwaka wa kumi na mmoja. Fundi huja kila Jumatano na bawaba mfukoni, hukaa dirishani, hunywa chai, hula tambi, huondoka. Mlango uko palepale kwenye ujia, na tunautundikia aproni. Katika mafanikio yote ya Shangazi, hili ndilo kubwa: kazi moja aliyoizuia isifanyike.

Tuseme na lililobaki. Amechoka. Sauti yake ya kukaribisha watu imekwisha kama sabuni. Siku hizi huegemea kiti cha mgeni na kumfanya mgeni aamini anaulizwa habari za watoto, kumbe anapumzisha goti. Nasi tumechoka, maana ukumbi uliojaa unachosha kuliko uliokonda, ingawa tumeshajaribu hali zote mbili na tunajua uchovu gani una mshahara.

Anayekaa mahali pake ni Binti, mtoto wa Mzee. Ni mtaratibu, anaongea chini chini, anapenda vitu vilivyonyooka. Hiyo ndiyo hofu iliyokuwa ikitembea jikoni mwezi mzima huu, hasa baada ya Mzee kusema, akitazama aproni, "Shangazi akiondoka, mlango turudishe." Mzee hajawahi kufanya utani kwa Kiswahili, kwa hiyo hatukujua tucheke au tuanze kutafuta kazi. Baba Mdogo alisikia. Tulimwona tu akiikunja taulo moja safi na kuiweka kwenye rafu.

Jumatano iliyopita fundi alikuja kama kawaida, asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu. Safari hii aliitoa bawaba mfukoni, akaishika mkononi.

"Nimeambiwa Shangazi anaondoka," alimwambia Binti. "Sasa naona niifunge tu, yaishe."

Binti aliutazama mlango. Shangazi alikuwa kwenye kaunta, midomo ameibana kama mtu aliyeweka pini mdomoni. Jikoni upawa ulisimama.

"Fundi," akasema Binti, kwa sauti kubwa kuliko tuliyoizoea, "kaa dirishani. Chai inakuja."

Upawa ukaanza tena, na Baba Mdogo akaanza kugombana na kitu, hatujui nini, labda na taulo. Ndipo Shangazi akavuta kiti cha meza ya kwanza, akavua viatu vyote viwili, akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameketi katika ukumbi huu. Hatukupiga makofi, tulipita tukiwa na sahani, tukimzunguka kama fanicha mpya.

Shangazi, asante kwa kutusimamia, na kwa kutokuona haya ya kusema ulikosea. Asante kwa kila mgeni uliyemweka mahali ambapo hakutaka, akarudi. Tunakuombea nyumba tulivu na kiti chenye mgongo. Utulivu ukikuchosha, njoo asubuhi kabla watu hawajafika. Tutakukalisha dirishani, upende usipende.