Kahawa ya Salama na Nyota Iliyolipuka

Benchi lenyewe ni la mbao, limefungwa kwa boliti mbele ya duka la kahawa na donati kule Don Mills, likitazama maegesho ambako, Aprili hiyo ya mwaka tisini na saba, theluji ya mwisho ilikuwa imebaki rundo moja jeusi. Wenyewe wanaliita Bunge. Wabunge ni watatu. Anwarali, mzaliwa wa Mwanza mwenye duka la dobi, ndiye Mwenyekiti, maana alihamia Toronto kabla wenzake hawajajua mji huo uko wapi. Macharia wa Nyeri, dereva wa teksi, wamembandika jina Methali, kwa sababu anazo nyingi na hajawahi kuiweka hata moja mahali pake. Félicien wa Uvira, mfanyakazi wa kiwanda cha biskuti, ni Papa Redio, kwani redio yake ndogo haimtoki mkononi tangu vita viingie kwao mwezi wa kumi. Bunge lina sheria moja tu. Aliyepata salama ya nyumbani huwanunulia wenzake kahawa. Aliyepata msiba hanunui kitu. Wenzake humnunulia yeye, na hapo hakuna haja ya maelezo.

Jioni hiyo ya Ijumaa alikuwa amenunua Félicien, tena na donati juu yake. Miezi sita hakujua kama mama yake yu hai au vita vimemchukua. Halafu Jumapili, kanisani St. James Town, mchungaji mmoja akamkabidhi kaseti iliyopita mikono mingi, Bujumbura, Nairobi, hadi Brussels. Ndani yake mama anawasalimu wajukuu mmoja mmoja kwa jina, kisha anaanza kulalamika kwamba mvua ya kwanza imeanza na mabati yanavuja. Félicien aliisikiliza mpaka mkewe Thacienne akaficha betri. Hata hayo malalamiko yalimfurahisha, maana maiti, alisema, halalamikii mabati.

— Mama iko muzima, aliwaambia. Nimemusikia na masikio yangu mwenyewe.

Macharia alimpongeza kwa methali ya mazishi, wakacheka. Anwarali peke yake hakucheka. Kahawa yake ilikuwa haijaguswa. Alipobanwa akasema kwamba binti yake, Shelina, anayefanya utafiti wa nyota pale chuo kikuu, amempigia simu alfajiri akilia kwa furaha. Kuna nyota imelipuka.

— Wapi? Macharia akauliza, akikitupia jicho kituo cha petroli cha ng'ambo.

— Juu.

— Watu wangapi wameumia?

— Nyota nzima, bwana. Kubwa kuliko jua. Imekwisha kabisa, na mtoto wangu anafurahi kama aliyeposwa.

Félicien aliweka kikombe chini. Kwao neno kulipuka halitajwi hivi hivi, kwa hiyo ilimchukua muda kuelewa kwamba hakuna wa kukimbia.

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, alisema Macharia. Nyota imesifiwa tangu Adamu, kichwa kikavimba, ikapasuka. Na wahenga walionya, usisafirie nyota ya mwenzio. Binti yako anazisafiria za watu wote.

Mwenyekiti alieleza alivyoelezwa. Nyota kubwa hujichoma tumboni mpaka ibaki na chuma, na chuma hakiiwashi tena, basi inajiangukia yenyewe, kisha inapasuka. Chuma kilicho kwenye damu ya watu kilitoka kwa nyota za namna hiyo.

— Wacha, buda, Macharia akasema. Yaani mimi ni spea za nyota?

— Ndivyo alivyosema.

Macharia alijipapasa mkono kwa hofu ya kweli. Akakumbuka kwamba Jumapili serikali, kama kila Aprili, iliwasogezea saa mbele, ikawanyang'anya saa nzima ya usingizi, na sasa akajua sababu: jua nalo linaishiwa, wakubwa wanabana matumizi. Félicien alisema Mungu haachi taa yake mpaka ipasuke, na kama ni kweli, mbona joto la hiyo nyota halijamuunguza mtu? Macharia akamjibu kwamba limezuiwa forodhani, mpakani na Amerika.

Gari dogo jekundu likaingia. Alikuwa Shelina mwenyewe, amekuja kumchukua baba yake waende kusali jamatkhana. Alisikia habari ya forodha, akacheka, akawajibu kwa Kiswahili chake cha jikoni kwao.

— Anko, haijalipuka juzi. Mwanga wake ndio umefika juzi. Yenyewe ilikwisha miaka milioni sitini iliyopita.

Macharia alitazama angani kama kuna abiria ameshuka bila kulipa.

— Kwa hiyo hizi za kila siku, tunaangalia marehemu?

— Nyingi bado zipo. Lakini kwa kuangalia tu huwezi kujua. Ndiyo maana sisi kitu cha kwanza tunauliza, huu mwanga uliondoka lini?

Anwarali hakuipenda habari ya marehemu, akaigeuza. Akampa binti yake kikombe na kumweleza furaha ya Félicien na kaseti ya mama. Shelina alikipokea kwa mikono miwili, akafurahi naye kwa moyo wote, na mazoea ya kazi yakamtoka mdomoni.

— Hongera, Anko. Alirekodi lini?

Félicien alifungua mdomo aseme Jumapili. Lakini Jumapili ni siku kaseti ilipomfikia. Akaisikia tena sauti ya mama: mvua ya kwanza imeanza. Uvira mvua ya kwanza hunyesha mwezi wa tisa. Vita viliingia wa kumi. Akaogopa kuliko alivyoogopa ile miezi sita yote, kwa kuwa safari hii alikuwa ameshafurahi.

Shelina aliuona uso wake, akaelewa alichokifanya.

— Samahani, Anko.

Macharia aliinuka polepole, akaanza kukusanya vikombe vitupu. Félicien akamshika mkono.

— Unaenda wapi?

— Kuleta kahawa, ndugu yangu. Hii ya pili ni yangu.

— Ikaa, Macharia. Hakuna mutu ameniambia kuna musiba. Zamu ingali yangu.

Akaingia dukani mwenyewe, akatoka na vikombe vinne vikubwa, nusu ya kahawa ikiwa imemmwagikia mikononi. Akamgawia kila mtu chake, na wote wakanywa.